Kadi za Kihungaria Kwenye Kopo la Biskuti

Flemingdon Park, Toronto, Jumapili mchana

Saumu mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangu saa nane ya leo nimejua kwamba unakisoma. Unakisoma, unakiandika, na kwa haya yaliyotandazwa mezani hapa, unakiandika kuliko mimi.

Uliondoka saa sita kwenda Malvern, mwisho wa mji, kumuaga rafiki yako, na kwa ninavyoyajua mabasi ya Jumapili, hutarudi kabla ya magharibi. Nikasema ngoja nikusaidie kufunga begi la pili. Nikachukua lile kopo la biskuti unalowekea kadi zako za kujifunzia Kihungaria, nikataka kulibana katikati ya mataulo, kifuniko kikafyatuka, kadi zote zikamwagika sakafuni. Nikapiga magoti kuziokota. Siku zote nilidhani upande mmoja ni Kihungaria na upande wa pili ni Kiingereza. Nani asingedhani? Mtoto ambaye tangu ana miaka mitatu hata nikimwambia njoo ule, ananijibu kwa Kiingereza kuwa hana njaa.

Kadi ya kwanza kuiokota imeandikwa *néz*. Nikaigeuza. Nyuma umeandika: kutazama. Na chini yake, kwa mwandiko wako ule wa sisimizi, umetia sentensi ya mfano: "Mtazame yule mama wa ghorofa ya tisa, kanunua gari juzi, leo salamu hapokei."

Nikacheka, wallahi. Nikasema, loo, mtoto huyu maneno haya kayatoa wapi? Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Nilimwambia Mama Mkubwa wako Zaina kwa simu, mimi niko Toronto naosha vyombo, yeye yuko Tanga anakuna nazi, na wewe umekaa mezani nyuma yangu na vile vidude vyako masikioni.

Nikaokota nyingine. *Lát*, kuona: "Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni." Hiyo naisema kila siku, sikushangaa sana. *Lenéz*, kudharau, na wewe umeeleza kwamba kwa Kihungaria ni kama kumtazama mtu kwa chini: "Msimamizi wetu ananisemesha kama mtoto wa chekechea, na mimi namwitikia tu." Nilimwambia Zaina hiyo siku niliporudi kutoka kazini nimelia ndani ya basi, na hakuna mtu mwingine duniani niliyemwambia. *Látszik*, kuonekana: "Nimechoka mpaka mifupa, ila mbele za watu haionekani." *Eltűnik*, kutoweka: "Katoweka yule bwana, hata soksi hakuacha."

Hapo nikakaa chini kabisa, mgongo kwenye kitanda chako. Ile ya soksi niliisema ukiwa na miaka minne.

Kisha nikaiokota hii ambayo sasa iko chini ya kiwiko changu. *Kinéz*. Nyuma umeandika: kuwa na sura fulani, kuonekana fulani. Na mfano wake: "Kila nikimtazama naiona sura ya baba yake. Kuna siku natamani ageukie ukutani."

Saumu, najua siku niliyoyasema hayo. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa mezani hapa hapa unachora ramani ya shule, penseli za rangi zimezagaa, na mimi nipo kwenye sinki. Nilikuwa sijapunguza hata sauti. Kwa nini nipunguze? Nilikuwa naongea Kiswahili.

Kwanza nilikasirika. Wacha nikwambie ukweli, maana leo sina pa kujificha. Nilikaa pale sakafuni nikasema, mtoto huyu mdukizi, miaka yote hii ananisikiliza kimya kimya kama askari kanzu. Nikataka nikupigie simu nikugombeze huko huko Malvern. Badala yake nikampigia Zaina. Tanga ilikuwa saa tatu na nusu ya usiku, akapokea anapiga miayo.

"Zaina, Saumu anajua Kiswahili."

"Ehee."

"Ehee nini? Anakijua chote. Anakiandika."

"Sasa wewe ulikuwa hujui?" akaniuliza. "Mimi naandikiana naye tangu ana miaka kumi na mbili. Nikikosea herufi ananisahihisha."

Nikamwambia wewe dada yangu gani, umekaa na siri ya mtoto wangu miaka saba. Akasema, "Aliniomba nisikwambie. Alisema mama akijua ataacha kuongea mbele yangu, na mimi kwenye simu zake ndipo ninapomjua."

Niliishika simu ile nisijue niiweke sikio gani. Nikamuuliza lile hasa lililonifanya nimpigie. Nikamwambia, "Lile neno la sura ya baba yake, aliwahi kukutajia?"

"Alinitajia. Aliniuliza kama ni kweli."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini mie? Nikamwambia, kamuulize mama yako."

Hukuniuliza. Kesho jioni unapanda ndege kwenda mji ambao hata kuutamka siwezi, kusoma miaka sita, na ungeondoka na jibu ulilojipa mwenyewe. Hilo ndilo limenikalisha hapa na karatasi. Sitakuandikia habari za koti, wala za kula, wala za kufunga mlango. Una akili, na uliyoyasikia katika nyumba hii yanatosha kukufundisha mengine.

Nikueleze kwanza kosa lenyewe lilivyo, kwa sababu si langu peke yangu. Mama zako wote wa jengo hili wanalifanya. Tukishuka kituo cha basi tunaongea habari za waume, za magonjwa, za nani kaachika, na watoto tumewashika mikono. Mmoja akishtuka akisema jamani watoto, sisi tunamjibu, wa hapa hawa, hawajui kitu. Tumekifanya Kiswahili pazia. Mimi nilijigamba kwa Zaina kwamba Kiswahili cha wangu ni shikamoo na chapati basi. Kumbe ulikuwa mle mle ndani ya pazia pamoja nami, na nilichokiita kutojua kilikuwa ni adabu tu. Au woga. Kimya kingi kina mshindo, walisema wenyewe, na mimi methali nazijua zote ila kuzitumia.

Sasa nakujibu ulilomuuliza Zaina. Ndiyo, lilikuwa kweli. Ningeweza kukuandikia kwamba nilikuwa nimechoka siku ile, kwamba ulimi hauna mfupa, nawe ungenipokelea kwa heshima. Lakini ulimi siku ile ulisema lililokuwa moyoni. Baba yako alipoondoka kwenda huko magharibi ya nchi hii kwa mwanamke mwingine, aliniachia uso wake ndani ya nyumba. Nyusi zile, na ile namna ya kuinua moja juu mtu akikwambia jambo. Ulikuwa na miaka minne, hukuwa na kosa, na kila ulipoinua nyusi nilihisi anaingia tena mlangoni kuniambia ananiacha. Nikaanza kugeuka. Sikukaa nikapanga, mwanangu. Kuna vyombo vya kuosha, kuna nguo za kukunja, kuna sufuria ya kukoroga, mama hakosi pa kugeukia. Nikawa nakusemesha nikiwa nimekupa mgongo, na mgongo ukazoea.

Unakumbuka kifuniko cha sufuria? Nimekikumbuka leo, nimekaa sakafuni, na ndipo nilipolia. Shule walikuwa wamekupa utepe wa ushindi wa kuogelea, ukaja jikoni ukasema, mama, nitazame. Nikasema naona. Ukasema tena. Nikasema nimekwambia naona, Saumu. Ukaondoka, ukarudi unavuta kiti, ukapanda pembeni ya sinki, ukachukua kifuniko kile kikubwa cha bati kilichokuwa kinang'aa, ukakiinua mbele ya uso wangu, pale ukutani. Nikadhani unachezea vyombo. Nikakugombeza, nikakushusha, nikakunyang'anya kifuniko. Imenichukua miaka kumi na moja kuelewa kwamba ulikuwa unajaribu kuniwekea kioo. Mtoto wa miaka minane alikuwa ametafuta njia ya kuonekana na mama yake bila mama yake kugeuka.

Na ningesema labda ndivyo nilivyo, kuna watu hawajui kuwatazama watu. Lakini kazi yangu ni ipi, Saumu? Ninatunza wazee, na siku ya kwanza kabisa kazini walitufundisha kupiga magoti. Usimsemeshe mzee umesimama juu yake, usimsemeshe ukikunja shuka. Piga goti, macho yako yalingane na macho yake, subiri mpaka akuone. Mimi ndiye wanayenitolea mfano kwa wageni. Na ile fomu ya ngozi unaijua, niliwahi kukuonyesha ukacheka: mchoro wa mtu, mbele na nyuma, na kila tukimwogesha mzee tunatia alama kila kovu, kila mchubuko, kila doa jipya. Bibi Ilona, yule mzee wangu wa Kihungaria, peke yake ana makovu kumi na moja. Naweza kuyachora gizani.

Bibi Ilona ndiye aliyetuletea Kihungaria nyumbani, na hapa pia nimeshtuka leo peke yangu. Habari zake ulizisikia nikizisimulia, safari hiyo nikikusimulia wewe mwenyewe, kwa Kiingereza changu. Kwamba maradhi ya kusahau yamemla Kiingereza chote, amebaki na lugha ya kwao, na kila jioni anapiga kelele neno lile lile, wenzangu wanamkimbia. Mimi nikalinasa neno lile nikaja kukuuliza ulitafute kwenye simu yako. *Nézz rám*. Ukaniambia maana yake ni nitazame. Nikafurahi kweli. Nikakuhadithia, mgongo wangu kwako, nikimenya viazi, jinsi ninavyompigia magoti sasa na kumkazia macho mpaka anatulia.

Ukaniuliza kwa Kiingereza chako, unamtazama kwa muda gani? Nikasema, hata robo saa, mpaka alale. Ukasema ni vizuri hivyo, ukaenda chumbani kwako. Mimi nikaendelea na viazi. Nilidhani umevutiwa na kazi ya mama.

Mwezi ule ule ukaanza kuandika kadi. Na vyuo vya hapa vilipokukatalia udaktari, ukaniambia kuna Hungaria, wanafundisha kwa Kiingereza ila kwa wagonjwa utahitaji lugha yao. Sitasema uliichagua nchi nzima kwa sababu ya Bibi Ilona na mama yako. Hilo ni lako, na mama asijitie katikati ya kila kitu. Nasema tu kwamba nimezipanga kadi zako mezani leo, za kula kuna tatu, za usafiri kuna tano, za hospitali chache, na za kutazama na kuona na kuonekana nimehesabu mpaka arobaini nikachoka. Sikujua kama lugha moja inaweza kuwa na maneno mengi hivyo ya jambo moja. Na karibu kila moja umelitilia mfano kutoka kinywani mwangu.

Isipokuwa moja. *Látlak*. Umeeleza kwamba ni neno moja tu, lakini ndani yake kuna mimi na kuna wewe, na kwamba Kiingereza hakiwezi ila Kiswahili kinaweza. Umeandika: nakuona. Chini yake umechora mstari wa mfano kama ulivyofanya kwenye zote, na mstari ule uko mtupu. Nimeigeuza kadi hii mara nyingi nikidhani pengine umeandika kwa penseli ikafutika. Ulikuwa unaokota mifano kutoka kwa mama yako miaka kumi na tano, na huo hukuupata.

Sasa nina machache ya kukupa, na nayatoa kwenye hasara yangu, usiyaone mahubiri. Sababu ya kugeuka ilikufa zamani. Baba yako, nikitaka kuikumbuka sura yake leo, siipati. Nimekaa hapa nimejaribu. Inakuja sura yako, na hata hiyo inakuja ya mtoto wa darasa la pili. Hasira ilishaondoka yenyewe, nadhani ulipokuwa na miaka kumi na mbili au kumi na tatu, na hakuna aliyekuja kuniambia, basi sasa geuka. Mgongo ukabaki bila kazi. Kwa hiyo ukijikuta unamwepa mtu, mume, mgonjwa, mwalimu, nenda kaitazame ile sababu kama bado ipo hai. Usiilindie kaburi.

Na huko hospitalini kwao utakuwa wewe ndiye usiyejua lugha. Watu wataongea mbele yako kama wako mbele ya ukuta. Au mbaya zaidi, utakuwa daktari, na utaongea na wenzako kwa Kiingereza juu ya kitanda cha mtu, ukidhani haelewi. Ukifika hapo mkumbuke mama yako kwenye sinki. Siku zote kuna mtu mezani na penseli za rangi.

Na wewe nawe una la kwako, usifikiri utatoka mweupe. Miaka kumi unakaa na neno kama lile, unalifuga, unalitafsiri Kihungaria, na mwenyewe yuko hatua tatu kutoka kwako? Ungenijia ukaniambia, mama, nimesikia. Ningekana, ningefoka, ningekwambia umesikia vibaya, maana ndivyo nilivyokuwa. Lakini nisingelala usiku ule, na pengine asubuhi ningegeuka. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, ila tuliyamwaga wawili: mimi ndoo, wewe kikombe. Huko uendako ukiumizwa, sema. Usiandike kadi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua ni mgongo mwingine tu, nimeona hivyo sasa hivi nikiandika. Ndiyo maana siiweki begini kama nilivyokusudia. Nitakupa leo, mkononi. Tena nimefanya jambo moja dogo. Hiki kiti changu, ambacho miaka yote kimeipa sebule mgongo, nimekigeuza. Sasa natazamana na mlango.

*

Saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimefika hapo, nikasikia ufunguo.

Umeingia, umevua viatu ukiwa umeinama, ukaanza kwa Kiingereza kunieleza habari za basi la Eglinton lililochelewa. Kisha ukainua kichwa. Ukaniona nilivyokaa. Ukaziona kadi zako mezani, safu kwa safu, na kopo liko wazi. Nikaona uso unakupauka. Nimeona, Saumu, kwa sababu nilikuwa nakutazama. Nilikuwa nimejiandalia la kusema tangu alasiri, na mimi ulimi huu haujawahi kukosa neno, muulize Zaina. Nikakosa. Nikabaki nakukodolea macho kama niliyefumwa.

Ukashika kitasa. Halafu ukainua nyusi moja, na ukasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Tanga kabisa, na sauti kama ya Mama Mkubwa wako alipokuwa msichana:

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

Ukapita ukaingia bafuni, na mpaka sasa nasikia maji. Hujui kama nimekasirika, na huenda unaoga pole pole kwa makusudi. Namalizia haraka kabla hujatoka.

Nyusi ni zako. Nimezitazama vizuri, sikumwona mtu mwingine yeyote.

Lakini kuna jambo limenishtua kuliko kadi zote. Chini ya kidevu chako, upande wa kushoto, una kovu. Dogo, refu kama punje ya mchele, na si jipya, limeshakuwa jeupe. Limeshonwa hilo, mimi makovu nayajua. Kuna mtu alikupeleka ukashonwa, ukarudi hapa ukala chakula changu, na sikuliona. Limekuwepo miaka sijui mingapi, mbele yangu, kwenye uso wa mwanangu.

Ukitoka bafuni njoo ukae. Nimeweka kiti cha pili, kinatazamana na changu. Soma barua hii hapa hapa, mimi nipo, siendi kuosha kitu. Ukimaliza niambie, kwa lugha yoyote unayotaka, kovu hilo ulilipata lini.

Mama yako